Mpiga Gitaa Hakumsikia

Saa sita na robo usiku, Dar es Salaam. Watoto wamelala, feni inazunguka, nami nimekaa mbele ya kompyuta natazama gati la mbao lililojengwa juu ya bahari ya kuchorwa. Juu ya gati tumesimama watu thelathini na kitu. Mmoja ana mabawa. Mwingine ni mbweha aliyevaa koti. Mbele yetu mwanamke mwenye gauni jekundu anaimba, na kando yake mwanamume amekaa kwenye kigoda, gitaa mapajani.

Kwenye ubeti wa tatu gitaa lilipunguza mwendo. Halikunyamaza. Lilibaki likizungukazunguka mahali pamoja, kama mtu aliyesimama mlangoni akimngoja mwenzake avae viatu. Mwimbaji akachukua muda wake. Kisha akaingia, sauti ikiwa chini, na mimi huku nikajikuta nimejishika mdomo.

Wimbo ulipokwisha nilimwandikia mwimbaji. Nikamwambia nimekaa na wapigaji wengi maishani, na ni mara chache nimesikia anayejua kumsubiri mwimbaji namna ile.

Jibu lilichukua kama dakika moja.

"Asante. Lakini hakunisubiri. Yeye hawezi kunisikia."

Wiki sita zimepita tangu usiku ule. Nimepika nalo jibu hilo, nimepanda nalo daladala, nimelala nalo.

## Mnyororo wa watu wawili

Wengi wenu mnaijua Second Life, ule ulimwengu wa kuchorwa wa mtandaoni, kwa hiyo sirudi mwanzo. Tangu Linden Lab ya San Francisco ilipoifungua mwaka 2003, watu wamejijengea humo kumbi, mikahawa na viwanja vya muziki, na hakuna siku inayopita bila mtu mahali fulani kupiga laivu. Saa za humo ni za California, ndiyo maana onyesho la saa nane mchana kwao mimi nalisikiliza usiku wa manane.

Gitaa unaloliona mikononi mwa avata, yaani umbo la kuchorwa la mtu, halitoi sauti. Vidole vinacheza mchezo uliopangwa, vinaurudia, na vingeendelea kuurudia hata mpigaji wa kweli angeinuka kwenda kunywa maji. Muziki wenyewe una njia yake. Unatoka kwenye maikrofoni ya mwanamuziki, unapanda kwenye seva ya kurusha sauti, ya aina ile ile inayotumiwa na redio za mtandaoni, na kila msikilizaji anauvuta kutoka huko. Mwenye kiwanja huandika anwani ya matangazo kwenye kiwanja chake, basi.

Kiwanja kimoja, anwani moja.

Hapo ndipo kisa kilipo. Mwimbaji wa usiku ule anaishi Uingereza, na mpiga gitaa wake Marekani. Wakitaka wote wawili wasikike kwenye anwani ile moja, sauti zao lazima zikutane mahali kabla ya kupanda. Basi mpiga gitaa hupiga peke yake chumbani kwake na sauti yake hurushwa hadi kwa mwimbaji. Mwimbaji huisikia kwenye hedifoni, huimba juu yake, kompyuta yake huchanganya vyote viwili, na mchanganyiko huo ndio unaotufikia sisi.

Aliye mwisho wa mnyororo anasikia kila kitu. Aliye mwanzo anajisikia mwenyewe tu.

Angeweza kufungua spika asikilize kama sisi, lakini sauti ya mwenzake ingemfikia baada ya sekunde ishirini na ushei, vidole vyake vikiwa tayari kwenye ubeti mwingine. Ingemvuruga. Kwa hiyo huzima kila kitu, akapiga wimbo mzima bila kumsikia mtu anayempigia.

Nikamuuliza mwimbaji: na ule ubeti wa tatu? Akaniambia kwamba mwenzake hupunguza mwendo pale pale kila mara. Siku nyingine yeye huingia mapema, siku nyingine huchelewa, na siku moja hakuimba kabisa, aliliacha gitaa lipite peke yake. Mpigaji huacha nafasi. Itatumikaje, hajui mpaka kesho yake akisikiliza rekodi.

## Mtazame kifua

Inabidi niwaeleze kwa nini jambo hili liliniuma mimi hasa.

Nilijifunza fidla Unguja, kwa mzee mmoja aliyenikalisha nyuma ya waitikiaji kwa miezi mitatu, fidla mapajani, upinde ndani ya sanduku. Amri ilikuwa moja: sikiliza. Katika taarabu fidla ina kazi nyingi, lakini ile iliyonifanya niipende ni kujibu. Mwimbaji akimaliza mshororo, fidla huingia kwenye ufa ule mdogo, huuchukua mkia wa alichokisema, huupamba, kisha hujiondoa kabla hajafungua mdomo tena. Ukichelewa kutoka, umemkanyaga. Ukiwahi kuingia, umemkatiza mtu mzima akizungumza.

Mwalimu wangu hakutazama vidole vyangu. Alitazama macho yangu yako wapi.

"Mtazame kifua," alikuwa akiniambia. "Akivuta pumzi, wewe uwe umeshamaliza."

Kila ninachokijua kuhusu kupiga na watu kimesimama juu ya maneno hayo. Halafu anakuja mtu ninayemwona kwa umbo la kuchorwa tu, asiyeona kifua cha mtu wala kusikia pumzi yake, anaacha nafasi, nami kwa sikio langu hili lililofunzwa miaka yote hiyo naapa kwamba nimesikia mtu akimsubiri mtu.

Basi ama sikio langu lilinidanganya, ama kusubiri ni kitu nisichokielewa.

Kwa siku kadhaa nilijiliwaza kwa hoja ya studio. Studio za leo hurekodi gitaa Jumatatu na mwimbaji Alhamisi, na hakuna anayelalamika. Bendi zetu za zamani zilipokwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam ziliingia chumbani wote pamoja, zikapiga kwa pamoja, lakini enzi hizo zimepita na muziki haujafa. Kwa nini nimlilie mpiga gitaa wa mtandaoni?

Hoja ile haikunikaa. Studioni gitaa likiharibika, linarudiwa. Mwimbaji asipolipenda, anamwita mpigaji arudi kesho. Wale wawili walikuwa wanapiga ndani ya dakika zile zile, mbele ya watu, bila uwezo wa kufuta hata sauti moja. Walikuwa laivu kwa kila maana ya neno hilo isipokuwa ile moja niliyofundishwa kwamba ndiyo yenyewe.

## Kumtunza mwimbaji

Nikaanza kwenda kila nilipopata nafasi. Nilihudhuria usiku tisa, labda kumi. Nikaanza kuona mambo ambayo usiku wa kwanza sikuyaona.

Kwa mfano, makofi. Wimbo ukiisha, kunakuwa kimya. Mwimbaji anashukuru, anaanza kueleza wimbo unaofuata, na katikati ya maelezo yake ndipo maandishi ya makofi yanapoanza kudondoka, moja, kisha matatu, kisha mvua. Wapo wanaopiga mapema na wanaopiga mwishoni kabisa. Nilidhani ni uvivu wa kuandika. Sivyo. Kompyuta ya kila msikilizaji hujiwekea akiba yake ya sauti kabla ya kuanza kuicheza, na akiba hizo hazilingani. Mimi na yule mbweha wa koti, tuliosimama bega kwa bega kwenye gati, hatukuwa tukisikia sauti ile ile kwa wakati mmoja. Yeye huenda alikuwa mbele yangu kwa mshororo mzima.

Ukumbi mmoja, na kila mtu ndani yake ana sasa yake.

Halafu tuzo. Mbele ya jukwaa huwekwa kopo, au sanduku, au chochote alichobuni mwenyewe, unakigusa na kutia pesa za humo, dola za Linden. Dola moja ya Marekani hutoa karibu Linden 250, kwa hiyo mtu anaweza kutunza kidogo kidogo usiku mzima bila kufilisika. Nilipoliona kopo lile nilifurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini. Kutunza! Hili tunalijua.

Lakini mnajua vilevile kwamba kwetu noti ina mshororo wake. Mwanamke hainuki tu kwenda mbele. Anainuka pale neno linapomgusa, anakwenda akicheza taratibu, noti hewani, na ukumbi mzima unajua ni neno gani lililomwinua, na pengine ni nani aliyekusudiwa. Tuzo ikitolewa kwenye mshororo mwingine ni ujumbe mwingine.

Usiku ule wa kwanza nilitia Linden 250 kwenye ubeti wa tatu, gitaa likiwa linazunguka pale pale. Kwa mwimbaji pesa ziliingia wakati anamaliza ubeti wa mwisho. Alinitaja jina akanishukuru, nami nikasikia shukrani hiyo nusu dakika baadaye, ikiwa imefungwa kwenye maneno ambayo mimi hayakunigusa.

Hajui mpaka leo nilimtunzia nini. Kwa kweli sikumtunza yeye. Nilimtunza aliye kando yake.

## Milioni kumi na mbili

Mtu mmoja nyumbani, aliyechoka kunisikia nikizungumzia gati la mbao, aliniambia kwamba kama nataka kuona muziki wa ulimwengu wa kuchorwa nikaangalie onyesho la rapa Travis Scott ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite, Aprili 2020. Nilikuwa nimesikia habari zake. Wachezaji milioni 12.3 walikuwemo kwa wakati mmoja katika onyesho la kwanza, idadi ambayo hakuna uwanja wa mpira duniani unaoweza hata kuiota. Jitu kubwa kuliko ghorofa linatua kutoka angani, ardhi inageuka maji, maji yanageuka anga za juu. Nilitazama rekodi. Ni kazi nzuri, iliyofanywa na watu wenye vipaji vikubwa.

Ilikuwa imetengenezwa tayari tangu awali, yote. Watu milioni 12 wangeweza kulia, kuondoka au kulala, isibadilike hata kidogo.

Nikajiuliza: na lile gitaa je? Nalo halikubadilika kwa ajili ya mwimbaji. Ninawezaje kuliita hili hai na lile sivyo?

Swali hilo lilinirudisha nyuma kidogo kwenye historia, nikitafuta ni nani aliyeanza. Tarehe 24 Juni 1993, bendi ya wahandisi wa kompyuta wa California iliyoitwa Severe Tire Damage ilirusha muziki wake mubashara kwenye intaneti, na wenzao wakaiona hadi Australia. Mpiga ngoma wao alikuwa Mark Weiser, mwanasayansi mkubwa wa maabara ya Xerox PARC. Mwaka uliofuata Rolling Stones walipotangaza kwamba watarusha sehemu ya onyesho lao kwa njia ile ile, wahandisi wale waliingia hewani kabla yao bila kualikwa na mtu. Halafu tarehe 3 Agosti 2006 Suzanne Vega akaimba ndani ya Second Life akiwa na mwili wa kuchorwa. Ni yeye ambaye mhandisi Mjerumani Karlheinz Brandenburg aliutumia wimbo wake mmoja, ulioimbwa bila chombo chochote, kupimia na kurekebisha MP3, ule mfumo wa kubana faili za sauti, kwa kuwa sauti ya mtu iliyo peke yake ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kuibana bila kuiharibu.

Hapo niliiacha historia. Sauti iliyo peke yake. Hilo ndilo lililonibakia.

## Kilometa 4,000

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaishi Maskati na anapiga udi. Tulijifunza pamoja utotoni, likizo moja moja, na tunajua bashraf kadhaa, zile tungo za taarabu za vyombo vitupu, ambazo tukiamshwa usingizini tunazipiga. Nikampigia, nikamwomba tujaribu.

Tulianza kwa njia ya kijinga zaidi, yaani simu ya mtandao, kila mmoja na chombo chake. Haikumaliza dakika moja. Nilimsikia akichelewa, nikapunguza mwendo nimsubiri. Yeye akanisikia nimepunguza, naye akapunguza. Bashraf ya mwendo wa kutembea ikawa ya mtu anayeburuta miguu, kisha ikasimama.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Sauti hewani huenda kama meta 343 kwa sekunde, kwa hiyo wapigaji waliokaa meta saba mbali husikiana kwa kuchelewa milisekunde 20 na hawahisi chochote. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kilometa zipatazo 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Maskati ni karibu kilometa 4,000 kwa mruko wa ndege. Milisekunde 20! Nilifurahi mno. Ni kama binamu amekaa upande wa pili wa ukumbi.

Lakini kebo haziendi kwa mruko wa ndege, na kila mtambo ulio njiani hukata sauti, huifunga, huipanga foleni. Ukivuka milisekunde 30 hivi, wapigaji huanza kuvutana. Sisi tulikuwa tumevuka mara nyingi sana. Naikumbuka enzi ya kabla ya 2009, kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar es Salaam na Mombasa, intaneti yetu ilipotegemea setilaiti zilizo kilometa 36,000 juu na kila "halo" ikazaa "halo" nyingine. Tumetoka mbali. Mazungumzo yameshasamehe. Muziki hausamehi.

Binamu alileta wazo la Ninjam, programu ya mwaka 2005 iliyotengenezwa na Justin Frankel, mtu yule yule wa Winamp, programu ya kuchezea muziki kwenye kompyuta. Ninjam haipigani na kuchelewa, inakurefusha kukawa mzunguko mzima: mnakubaliana mwendo na idadi ya mapigo, na kila mmoja anawasikia wenzake jinsi walivyopiga mzunguko uliopita. Kwa muziki unaozunguka mahali pamoja ni fikra nzuri sana. Bashraf ina vipande vinavyobadilika na kurejea. Mimi nikiwa nimeingia cha pili, udi wake ulikuwa bado unaniaga kwenye cha kwanza.

Basi tukabaki na mnyororo.

Tulikubaliana yeye awe mwanzo, mimi mwisho. Sikutoa sababu, naye hakuniuliza. Alipiga udi peke yake Maskati, nikamsikia, nikajibu kwa fidla. Ilikuwa tamu! Nilimjibu kila mahali, nilijua kila pumzi yake. Nikamrushia rekodi, nikasubiri aniambie jinsi nilivyompata.

Alinyamaza siku mbili. Kisha akaandika: "Dada, umepiga vizuri. Sasa zamu yangu kusikia."

## Shikamoo kaka

Nilizungusha kwa wiki nzima. Nilisema kamba imelegea, nilisema mtoto anaumwa, na kweli aliumwa siku moja. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kumjibu mtu ndiyo kazi niliyofundishwa. Kusema kwenye ukimya, kisha kumwachia mtu nafasi bila kujua kama yupo, hilo sikufundishwa na yeyote.

Hivyo ndivyo nilivyodhani, mpaka jioni moja nikianua nguo kwenye kamba nikakumbuka kanda za shangazi.

Shangazi alipohamia Maskati simu zilikuwa ghali na barua kwake zilikuwa taabu, kwa hiyo alitutumia kanda. Wengi wenu wa umri wangu mlizipokea vilevile, zikiletwa na mtu anayerudi, zimefungwa ndani ya kanga. Baba alikuwa akiitia kanda kwenye redio kaseti, anakaa sawasawa kama aliye mbele ya mgeni, na sisi watoto chini kwenye mkeka.

"Shikamoo kaka," sauti ingesema.

Kisha shangazi alinyamaza. Sekunde mbili, tatu. Ilisikika feni ya Maskati nyuma yake.

"Marahaba," baba alijibu, kwa sauti kamili, akiitazama redio.

"Watoto hamjambo?"

Kimya tena.

"Hatujambo!" tulipiga kelele wote, na mdogo wetu wa mwisho aliongeza habari za jino lake.

Naye akaendelea, "Alhamdulillahi," kama aliyetusikia.

Hakutusikia. Alikuwa chumbani peke yake, wiki tatu nyuma, na kitufe chekundu kimebonyezwa. Lakini ukimya ule ulikuwa na urefu sahihi. Ulitutosha. Ukubwa wake ulikuwa ukubwa wetu: muda wa baba kusema marahaba, muda wa watoto wanne kugombania kujibu. Aliupima kwa kutujua.

Niliziacha nguo kwenye kamba nikaenda kumwandikia binamu. Jumamosi.

## Upande wa mwanzo

Mwimbaji wa gauni jekundu alitupa nusu saa kwenye gati lake kabla ya onyesho lake mwenyewe. Saa tatu usiku kwangu, saa nne Maskati. Walikuja avata kumi na moja. Shangazi, ambaye sasa ni mzee na anaishi na mwanawe, alitaka naye asikilize, kwa hiyo binamu alitafuta waya wa kugawa akachomeka hedifoni ya pili, akamkalisha kitini nyuma yake na kumsihi asiseme neno.

Nilizima sauti ya kompyuta. Kwenye kioo avata wangu alikuwa akivuta upinde kwa mwendo wake mwenyewe usiohusiana na mkono wangu, ukinipotosha, basi nikageuza kiti nikautazama ukuta.

Mwanzoni nilihesabu. Nikifika penye nafasi, nilihesabu mapigo manne kichwani na kuingia tena. Nilijisikia kama mtu anayezungumza na mlango. Kwenye kipande cha pili nilikaribia kuacha. Niliwaza kwamba pengine mtandao ulikatika zamani na ninapiga kwa ajili ya ukuta huu tu, na hakuna njia ya kujua.

Sijui ni wapi niliacha kuhesabu. Najua tu kwamba kwenye marejeo ya tatu mkono uliinua upinde mahali ambapo bashraf ile haina nafasi kabisa. Hatukupanga. Niliuinua kwa sababu nilimwona binamu akiwa na miaka kumi na miwili, kichwa kimeinama juu ya udi uliomzidi ukubwa, akitafuta kamba. Alikuwa akitafuta kamba pale pale siku zote. Nikamwachia muda wa kuipata.

Kisha nikaendelea hadi mwisho, nikaweka upinde mezani, nikageuka, nikafungua spika.

Muziki ulikuwa bado njiani. Fidla yangu ilikuwa ndiyo kwanza inakaribia marejeo ya tatu, na udi ulikuwa pamoja nayo, chini yake, umetulia, kama uliokuwa hapo tangu awali. Nikavuta kiti karibu. Ikafika pale. Fidla ikainuka, ikanyamaza.

Udi haukuingia. Binamu aliniambia baadaye kwamba alishtuka, alidhani nimekatika.

Kulikuwa na feni. Halafu, mbali kidogo na maikrofoni, kwa sauti ya juu ya mtu aliyevaa hedifoni na asiyejua kwamba anasikika, bibi mzee akasema:

"Naam, mwanangu."

Na fidla ikaendelea, kwa kuwa wakati ule nilikuwa sijamsikia.